Jedwali lipo, hifadhidata inasema halipo: herufi kubwa na ndogo katika majina ya SQL

Swali: Mtaalamu, salaam. Kwa miaka miwili nimekuwa nikitumia MySQL kwenye Windows, na sasa nimehamia PostgreSQL kwenye seva ya Linux. Jedwali langu linaitwa Wateja, nimeliunda kwa pgAdmin, ile programu ya kusimamia PostgreSQL, kwa kujaza fomu yake. Nikiandika `SELECT * FROM Wateja;` naletewa ujumbe huu:

`ERROR: relation "wateja" does not exist`

Jedwali naliona kwa macho yangu kwenye orodha, na lina rekodi zaidi ya elfu tatu. Nimelifuta na kuliunda upya mara mbili, nikaingiza data tena, hali ni ile ile. Halafu kuna la pili ambalo sijui kama linahusiana na hilo: nikitafuta mteja kwa jina 'Amina' simpati, ilhali kwenye MySQL nilikuwa nampata hata kama aliandikwa AMINA. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza acha kufuta. Jedwali lako ni zima na rekodi zako zipo. Hata ukilifuta mara kumi na kuliunda kwa njia ile ile, litakataa vile vile, kwa sababu chanzo cha tatizo ni jinsi jina lake lilivyosajiliwa siku ulipoliunda.

Usome tena ujumbe wa kosa, polepole. Wewe uliandika Wateja, kwa W kubwa. Ujumbe unataja "wateja", kwa w ndogo. Watu wengi huipita hiyo w ndogo bila kuiona, na ndiyo yenye jibu: PostgreSQL inakueleza jina hasa ililolitafuta, na jina hilo silo uliloliandika wewe.

Kanuni yake ni hii. Jina la jedwali, la safu (column) au la kitu kingine chochote likiandikwa bila alama za nukuu, PostgreSQL hulishusha lote liwe herufi ndogo kabla ya kuanza kulitafuta. Wateja, WATEJA na wAtEJa, kwake yote ni wateja. Jina likizungukwa na nukuu mbili, hulichukua kama lilivyo, herufi kwa herufi. Sasa kumbuka ulivyounda jedwali lako. Ulipoandika Wateja kwenye kisanduku cha fomu, pgAdmin iliona kuna herufi kubwa ndani, ikadhani (na ni haki yake kudhani hivyo) kwamba unaitaka ibaki, ikatuma amri hii kwa niaba yako:

`CREATE TABLE public."Wateja" ( ... );`

Nukuu hizo hukuziandika wewe, lakini zimeandikwa. Lichague jedwali hilo katika orodha, ufungue kichupo cha SQL, utaziona. Tangu hapo jina lake rasmi ni Wateja kwa W kubwa, na kila asiyeweka nukuu atakuwa anaomba jedwali jingine liitwalo wateja, ambalo kweli halipo. Jaribu hii:

`SELECT * FROM "Wateja";`

Rekodi zako zitatokea zote.

Angalia sana kwamba ni nukuu mbili, si moja. Kwenye SQL nukuu moja ni ya maandishi, yaani thamani iliyomo ndani ya jedwali, na nukuu mbili ni ya majina ya vitu. Waliotoka MySQL huteleza hapa mara kwa mara, kwa sababu MySQL katika mpangilio wake wa kawaida hukubali maandishi yafungwe kwa nukuu mbili pia, na majina ya vitu huyafunga kwa ile alama iitwayo backtick, `` ` ``. Ukiandika kwenye PostgreSQL `WHERE jina = "Amina"`, itakuambia hakuna safu iitwayo Amina. Na itakuwa sahihi, maana ndicho ulichoiuliza.

Safu nazo hufuata kanuni hiyo hiyo, ila zina nafuu kidogo. Ukiomba JinaKamili bila nukuu ilhali safu ilisajiliwa kwa J na K kubwa, PostgreSQL mara nyingi huongeza mstari chini ya kosa, `HINT: Perhaps you meant to reference the column "Wateja.JinaKamili"`. Kwa majedwali haikupi kidokezo kama hicho. Ndiyo maana kosa la jedwali huwapotezea watu saa nyingi kuliko kosa la safu.

Utauliza kwa nini MySQL haikukusumbua miaka yote miwili. Jibu ni kwamba haikuwa MySQL peke yake, ilikuwa MySQL juu ya Windows. MySQL huihifadhi kila hifadhidata kama folda na majedwali kama mafaili ndani yake, kwa hiyo majina ya majedwali hurithi tabia ya mfumo wa mafaili. Windows haitofautishi Wateja na wateja. Linux inatofautisha. Kuna mpangilio uitwao `lower_case_table_names` unaotawala jambo hili: thamani yake ya kawaida ni 0 kwenye Linux, 1 kwenye Windows na 2 kwenye macOS. Kwa maneno mengine, hata kama usingegusa PostgreSQL kabisa, ukahamisha MySQL ile ile kwenda kwenye seva ya Linux, ungeweza kukwama vile vile. Na usidhani utaubadilisha mpangilio huo baadaye mambo yakiharibika: tangu toleo la 8.0 huwekwa mara moja tu, seva inapoanzishwa kwa mara ya kwanza.

Hili limenipata mimi mwenyewe. Tulikuwa tumejenga mfumo wa malipo kwenye kompyuta za Windows, tukaupeleka kwenye seva ya Linux, tukapitia kurasa zote, kila kitu kikafanya kazi. Mwisho wa mwezi ulipofika, ripoti moja, ambayo huendeshwa siku hiyo tu, ikaanguka na kosa namba 1146: jedwali Risiti halipo. Kwenye msimbo wote tuliandika risiti kwa r ndogo, isipokuwa faili moja ambamo mwenzetu aliandika Risiti. Kwenye Windows haikuwa na tofauti yoyote. Tulilipata faili hilo usiku, watu wakisubiri ripoti. Tangu siku ile sijaribu mfumo wowote kwenye mfumo wa uendeshaji usio ule wa seva itakakofanya kazi, na leo hakuna kisingizio, kwani kontena ya Linux huendeshwa kwenye kompyuta yoyote ya mkononi.

MySQL ina kona nyingine mbili za kukumbuka. Majina ya safu huwa hayajali herufi, popote ulipo. Lakini lakabu za majedwali kwenye Linux zinajali: `SELECT w.jina FROM wateja AS W` itakataliwa, kwa sababu w na W ni lakabu mbili tofauti.

Usije ukaichukua kanuni ya PostgreSQL ukaipeleka Oracle. Kiwango rasmi cha SQL kinasema jina lisilo na nukuu lipandishwe kuwa herufi kubwa, na Oracle na Db2 hufanya hivyo. PostgreSQL ndiyo iliyokwenda kinyume, na mwongozo wake unakiri hivyo waziwazi. Kwenye Oracle, ukiandika `CREATE TABLE wateja` kinachosajiliwa ni WATEJA. Kisha mtu anaingia kwenye orodha ya majedwali na kuuliza:

`SELECT * FROM user_tables WHERE table_name = 'wateja';`

Haletewi chochote, anaamini jedwali halikuundwa, wakati lipo kwa jina WATEJA. Ndani ya nukuu moja lile ni andishi, na andishi halipandishwi wala kushushwa. Kwenye SQL Server uamuzi uko kwenye kolesheni ya hifadhidata, yaani kanuni yake ya kulinganisha na kupanga maandishi: ikiwa jina la kolesheni lina CI, majina ya vitu hayajali herufi, likiwa na CS, yanajali, uweke mabano ya mraba usiweke. SQLite haijali, hata ukiweka nukuu.

Turudi kwako. Una njia mbili: kuweka nukuu kila mahali maisha yote, au kubadilisha majina yawe herufi ndogo leo na usiweke nukuu tena. Nakushauri ya pili, na nakushauri kwa nguvu. Nukuu ukiziweka mara moja kwenye jina, kila atakayegusa hifadhidata hiyo baada yako atalazimika kuziweka: anayeandika ripoti, anayechukua nakala rudufu ya jedwali moja kwa mstari wa amri, mwenzako atakayerithi mfumo miaka mitano ijayo. Mmoja atasahau.

Kubadilisha jina hakugusi data:

`ALTER TABLE "Wateja" RENAME TO wateja;`
`ALTER TABLE wateja RENAME COLUMN "JinaKamili" TO jina_kamili;`

Amri hizi hubadilisha usajili tu, kwa hiyo hata jedwali lenye mamilioni ya rekodi humalizika mara moja. Ila zinahitaji kufuli kamili juu ya jedwali. Ikiwa kuna muamala mrefu unaendelea zitasubiri, na wote watakaokuja nyuma yake watasubiri pia. Fanya saa ambayo mfumo umetulia.

Vinavyofuata mabadiliko vyenyewe ni funguo za kigeni (foreign keys), faharasa (index), na mitazamo, yaani zile SELECT ulizozihifadhi kwa CREATE VIEW. Ndani kabisa PostgreSQL huviunganisha kwa namba ya utambulisho na si kwa jina. Visivyofuata ni msimbo wa programu yako pamoja na funksheni za PL/pgSQL, kwa kuwa mwili wa funksheni hizo umehifadhiwa kama maandishi. Hizo hazitalalamika unapobadilisha jina. Zitalalamika siku zitakapoitwa, kwa hiyo zitafute mapema. Vihesabu vya namba navyo vitabaki na jina la zamani, kwa mfano "Wateja_id_seq". Jedwali litaendelea kupata namba bila shida, lakini ukiwa na mahali unapokiita mwenyewe lazima uandike `nextval('"Wateja_id_seq"')`, nukuu mbili ndani ya nukuu moja, la sivyo jina litashushwa hata humo. Ni nafuu kukibadilisha jina nacho kwa ALTER SEQUENCE.

Kama majedwali ni mengi, usiyatafute kwa macho. Uiulize hifadhidata yenyewe:

`SELECT table_name, column_name FROM information_schema.columns WHERE table_schema = 'public' AND (table_name <> lower(table_name) OR column_name <> lower(column_name));`

Na amri za kubadilisha unaweza kuzitengeneza kwa SQL hiyo hiyo:

`SELECT format('ALTER TABLE %I RENAME COLUMN %I TO %I;', table_name, column_name, lower(regexp_replace(column_name, '([a-z])([A-Z])', '\1_\2', 'g'))) FROM information_schema.columns WHERE table_schema = 'public' AND column_name <> lower(column_name);`

Ile `%I` huweka nukuu pale tu zinapohitajika, na `regexp_replace` inaingiza mstari wa chini kati ya maneno ili JinaKamili liwe jina_kamili badala ya jinakamili, maana majina marefu yaliyogandana hayasomeki. Yasome matokeo kabla ya kuyaendesha. Nakuomba usiruke hatua hiyo, kwa sababu safu mbili zilizotofautiana kwa herufi kubwa tu zinaweza kugeuka jina moja na amri ikakwama. Na kama zipo safu mbili za namna hiyo, ujue una tatizo lililoanza kabla ya leo: huenda nusu ya programu inaandika kwenye moja na nusu inasoma kwenye nyingine.

Ukitumia maktaba za ORM, yaani zile zinazokuandikia SQL kutoka kwenye msimbo wa programu yako, angalia mipangilio yake kabla ya kubadilisha chochote. Sequelize, Prisma na Entity Framework Core huweka nukuu zenyewe, ndiyo maana safu kama createdAt hutokea kwenye hifadhidata ikiwa na A kubwa bila mtu kukusudia. Sequelize ina chaguo `underscored: true`, Prisma ina `@map` na `@@map`. Hibernate ndani ya Spring Boot hugeuza majina kuwa herufi ndogo na mistari ya chini bila kuambiwa. Usipoyaweka hayo sawa, mabadiliko ya muundo (migration) yatakayofuata yatakurudishia majina ya zamani.

Kuna mtego mmoja usiotoa kosa lolote, nao ndio ninaouogopa kuliko yote. Umeandika hivi:

`SELECT id AS nambaYaMteja FROM wateja;`

Amri inapita, rekodi zinakuja. Kwenye JavaScript unasoma `rekodi.nambaYaMteja` na unapata undefined. Hakuna ujumbe mwekundu, hakuna kilichoanguka, ukurasa unaonyesha nafasi tupu tu. Kilichotokea ni kwamba lakabu haikuwa na nukuu, ikashushwa, na safu imerudi ikiitwa nambayamteja. Lugha ya programu inajali herufi hata kama SQL haikujali. Hapa nukuu zina kazi halali, andika `AS "nambaYaMteja"`, kwa sababu jina hilo linaishi ndani ya amri moja tu na halimfungi mtu mwingine.

Sasa Amina. Hili ni jambo jingine kabisa, ingawa linafanana na la kwanza kwa sura. La kwanza lilihusu majina ya vitu vya hifadhidata. Hili linahusu maandishi yaliyomo ndani ya rekodi, na hakuna nukuu itakayolitibu. Linatawaliwa na kolesheni. Kolesheni ya kawaida ya MySQL 8.0 ni `utf8mb4_0900_ai_ci`. Ile ci mwishoni ina maana haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na ai ina maana haijali hata alama za juu ya herufi, kwa hiyo kwake José na Jose ni sawa. PostgreSQL kwa kawaida hutaka maandishi yafanane kila baiti. 'Amina' na 'AMINA' ni watu wawili. Hata 'Amina' na 'Amina ' yenye nafasi mwishoni ni wawili. Kabla hujalaumu herufi, endesha `SELECT jina_kamili, length(jina_kamili)` kwa rekodi unayoishuku. Nimekuta mara nyingi kilichofikiriwa ni tatizo la herufi kubwa ni nafasi iliyoingia pamoja na data.

Watu wengi hukimbilia ILIKE, yaani LIKE isiyojali herufi kubwa na ndogo. Inafaa unapotafuta kipande cha jina kwa mkono, lakini usiitumie kama alama ya usawa. Ndani yake mstari wa chini una maana ya herufi yoyote moja, hivyo ukitafuta barua pepe yenye mstari wa chini unaweza kumpata mtu usiyemtaka. Tena faharasa ya kawaida haiisaidii. Mimi hutumia njia hii:

`SELECT * FROM wateja WHERE lower(jina_kamili) = lower('Amina');`

na huiwekea faharasa yake:

`CREATE INDEX wateja_jina_lower ON wateja (lower(jina_kamili));`

Faharasa lazima iwe juu ya `lower(jina_kamili)`, si juu ya jina_kamili pekee, la sivyo PostgreSQL itapitia jedwali zima kila unapotafuta. Kwa rekodi elfu tatu hutahisi kitu. Kwa milioni tatu utahisi. Ipo pia aina ya safu iitwayo citext inayofanya kazi hiyo bila wewe kuandika lower, na tangu toleo la 12, lililotoka 2019, unaweza kuunda kolesheni yako isiyojali herufi. Zote mbili zinafaa, lakini lower pamoja na faharasa yake inaonekana wazi kwenye amri, na yeyote anayeisoma anaelewa kinachofanyika.

Ninalokusihi usifanye ni kugeuza majina ya watu yote kuwa herufi kubwa ndani ya jedwali ili utafutaji uwe rahisi. Ukishafanya hivyo hakuna njia ya kurudi. `initcap('MCDONALD')` itakupa Mcdonald, na mwenye jina anajiandika McDonald. Lihifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, ulinganishe kwa herufi ndogo. Na kama una majina ya Kituruki, ujue kwamba kwa kanuni za lugha hiyo I kubwa ikishushwa haiwi i bali ı isiyo na nukta, kwa hiyo lower ya seva moja na ya nyingine zinaweza kutofautiana. Katika hali hiyo taja kolesheni waziwazi ndani ya amri.

Barua pepe ndiyo ya kuharakisha. Kwenye MySQL, kama safu hiyo ilikuwa na sharti la kutojirudia, kolesheni ilikulinda: mtu hakuweza kujisajili mara mbili kwa kubadilisha ukubwa wa herufi. Tangu uhamie PostgreSQL ulinzi huo haupo, na kila siku inayopita inaweza kuongeza pacha mwingine. Waangalie leo:

`SELECT lower(barua_pepe), count(*) FROM wateja GROUP BY lower(barua_pepe) HAVING count(*) > 1;`

Ukiwakuta, waunganishe kwanza, ukihamisha kumbukumbu za rekodi moja kwenda nyingine, ndipo uweke sharti:

`CREATE UNIQUE INDEX wateja_barua_pepe_lower ON wateja (lower(barua_pepe));`

Akibaki pacha hata mmoja, PostgreSQL itakataa kuiunda faharasa hiyo na kwenye mstari wa DETAIL itakutajia barua pepe iliyojirudia. Mshughulikie huyo, kisha uendeshe amri tena.